Dada wa Stoo Siku Hizi Anajibu Vizuri

Namba yangu ya simu ilichukuliwa na duka mwaka ule mfumo ulipoletwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa. Bosi aliniomba kwa adabu. Alisema wateja wa mkoa mzima wanaijua namba ile, wameiandika kwenye simu zao "Dada wa Stoo", na tukiwapa nyingine nusu yao watapotelea kwa jirani. Nikaona ni sifa. Nikapewa laini mpya ya kwangu binafsi, nikaitoa ile ya zamani kama mtu anayemwazima mwenzake sufuria.

Duka letu liko Sumbawanga mjini, duka la jumla. Upande mmoja mbolea, mbegu, dawa za mimea na pampu za kupulizia. Upande wa pili sukari, chumvi, sabuni na mabati. Tunawauzia wenye maduka madogo wa Ilemba, Laela na Matai, wauza samaki wa Kipili wanaochukua chumvi kwa magunia, na wachuuzi wa Kasesya wanaovusha vitu kwenda Zambia. Zamani oda zote zilikuja kwangu, kwa kupiga au kwa kuandika, nami nilizipeleka stoo kwa mdomo wangu. Nilikuwa mkali. Mtu akiniandikia "mambo" bila kusema anataka nini, simjibu mpaka aseme. Nikijibu, najibu kwa neno moja: ipo, au haipo. Hakuna aliyenipenda kwa hilo, lakini mzigo ulifika.

Halafu ukaja mfumo. Ni programu ya kompyuta inayojua kila kilichoingia stoo na kila kilichotoka, na ndani yake wakaweka wakala wa akili mnemba. Bosi alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja dawa ya hospitali. Fundi aliyetoka Mbeya kuja kuufunga alinieleza taratibu: mteja akiandika kwenye ile namba, wakala anasoma, anaangalia stoo, anafungua oda, anauzuia mzigo kwa jina la mteja, anapanga siku ya kuupeleka kulingana na gari au pikipiki iliyopo, kisha anamjibu. Yote hayo kabla mimi sijameza mate.

"Wewe kazi yako itakuwa kuidhinisha tu," alisema.

Hiyo "tu" bado inaniuma hadi leo.

Akaniuliza watu wa huku wanapenda kujibiwa vipi, ili amfundishe wakala. Hapo ndipo nilipojitia ualimu. Sikumweleza ninavyojibu mimi, maana ningeona haya. Nilimweleza mtu wa Ufipa anavyostahili kujibiwa. Nikamwambia usimrukie mtu na bei. Msalimie kwanza, shikamoo kama ni mkubwa. Mpe pole na kilimo, au na safari kama anatoka ziwani. Ulizia nyumbani. Halafu la muhimu kuliko yote, usimkatalie mtu machoni. Akikuomba jambo usilokuwa na hakika nalo, mwambie panapo majaliwa tutajitahidi. Huku kwetu anayesema hapana waziwazi anaonekana hakulelewa. Fundi aliandika kila kitu na kunishukuru. Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo.

Wakala akawa mtoto mwema niliyeshindwa kuwa mimi. Aliwasalimia watu wakatosheka, akawauliza kuhusu mvua, akawapa pole na misiba. Wateja walimpenda, na kwa kuwa namba ni ya Dada wa Stoo, walidhani wananipenda mimi. Mama mmoja muuza dagaa wa Kipili alikuja dukani kuchukua chumvi, akanitazama kwa muda kupitia wavu wa dirishani.

"Dada, siku hizi umetulia," akasema. "Umeolewa?"

Nikamwambia ndiyo, nimeolewa na kompyuta. Hakucheka, na nadhani hakunielewa.

Lakini wakala hakuruhusiwa kumaliza kila kitu peke yake. Oda ndogo alizipitisha mwenyewe. Oda kubwa, oda ya mteja mgeni, oda ya bidhaa inayokaribia kuisha, zote zilisubiri kidole changu kwenye simu ya duka. Nikichelewa, mzigo unaachiwa, anapewa aliye nyuma kwenye foleni, na wakala anamwomba mteja radhi kwa jina langu, kwa upole kiasi kwamba mteja anashindwa kukasirika naye na kunipigia simu mimi anikasirikie. Kwa hiyo sikuchelewa. Simu ililia nikiwa kwenye misa, padre ameinua hostia. Ililia nikiwa saluni nusu ya kichwa imesukwa. Nilikuwa nakula ugali kwa mkono wa kulia na kuidhinisha kwa wa kushoto, na mtu aliyelelewa na mama yangu anajua hiyo ni aibu ya aina gani. Bosi, ambaye anaishi Mbeya, aliona kwenye simu yake kitone cha kijani pembeni ya jina langu kila nilipokuwa hewani. Kikizimika alinipigia kuuliza kama naumwa.

Hakuna aliyenifunga kamba. Mlango wa duka ulikuwa wazi, upepo wa Sumbawanga ukiingia na baridi yake, nami nilikaa pale na koti langu nikimwangalia kila mtu anayepita barabarani kana kwamba anakwenda mahali pazuri.

Sasa niseme kuhusu mama yangu.

Mama anakaa kijijini kwetu, huko huko juu kwenye nyanda, safari ya saa mbili kwa pikipiki wakati wa mvua. Baba alishafariki. Kaka zangu mmoja yuko Tunduma, mwingine Dar, na wote wawili ni hodari wa kutuma salamu. Kijijini mtandao unapatikana sehemu moja tu, kwenye kilima penye mashine ya kusaga, kwa hiyo mama huandika siku akipeleka mahindi. Usichanani mwake alifundisha katekisimu, na hata kwenye simu anaandika kama anayeandikia ubaoni, sentensi nzima na nukta mwishoni. Nilipopewa laini mpya nilimtumia. Alisema mtoto mmoja anatoshwa na namba moja. Sikubishana naye, kwa sababu akipiga ile ya zamani inaita kwenye simu ya duka, na simu ya duka nalala nayo. Jumbe zake sikuziwaza. Niliona tu kwamba siku hizi haandiki kwangu sana, nikasema mama anazeeka.

Ilikuwa mwezi wa pili, msimu wa mbolea ya kukuzia. Mahindi yanafika kiunoni, kila mkulima anaitaka mbolea leo, na mbolea kama kawaida yake imechelewa njiani. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuja mjini kuuza maharage, akapitia dukani kunisalimia. Nilimpa kiti. Simu ililia mara kadhaa tukiwa tunaongea naye akaivumilia, kisha akasimama kuaga.

"Haya, basi tutaonana Jumamosi," akasema.

"Jumamosi kuna nini, mama mdogo?"

Alinishangaa. "Shamba la mama yako. Si umemwambia unakuja kukata tuta la kwanza? Kimea kimeshapikwa, watu wameshaambiwa."

Nilicheka kidogo, kwa sababu nilidhani amekosea mtu. Yeye hakucheka.

Kwetu ulezi hauanzi na mbegu, unaanza na nyasi. Mvua zikiwa bado zipo na udongo ni laini, nyasi zinakatwa na kulazwa kwa mviringo, udongo unafunikwa juu yake, shamba zima linajaa matuta kama vyungu vilivyogeuzwa. Nyasi zinaozea humo, na msimu unaofuata tuta linavunjwa, linatawanywa, ulezi unapandwa. Ni kazi ya mgongo, haifanywi na mtu mmoja. Watu wanaalikana, unapika pombe ya ulezi, kimpumu, majirani wanakuja na majembe, wanalima hadi jua lipande, kisha wanakaa kunywa. Na wenye shamba wana wajibu wao. Mtoto wa nyumba ile ndiye anayekata tuta la kwanza mbele ya watu, na ndiye anayewamiminia maji ya moto kwenye chungu cha pombe baada ya kazi. Kutuma hela hakuhesabiki, kutuma sukari hakuhesabiki. Nyumba isiyotoa mtu wake inaonekana imekufa ikiwa bado ina moshi.

Mwaka uliopita nilituma sukari. Watu walikuja wachache, wakalima kipande, wakaaga mapema kwa adabu. Shamba la bondeni, lile lenye udongo mweusi, lilibaki nyasi. Mama hakunilaumu. Alisema tu goti lake halimruhusu kulima peke yake, na kama mwaka huu nao itakuwa vile, atamwachia jirani mwenye ng'ombe alishie pale, naye aende Tunduma kwa kaka akakae kwenye kochi. Mama yangu kwenye kochi. Nilikuwa bado nawaza hilo simu ikalia, nikaidhinisha oda.

Mama mdogo alipoondoka nikafungua jumbe za ile namba na kutafuta jina la mama. Wakala alikuwa amemwandikisha kama mteja tangu siku alipoomba mche wa sabuni. Oda zake zilikuwa ndogo mno kuhitaji kidole changu, kwa hiyo hazikunifikia hata mara moja. Nikaanza kusoma tangu juu.

Mama alikuwa ameandika, "Mwanangu, mvua imetupiga ila mahindi yamesimama. Goti bado linasumbua."

Na wakala akamjibu, "Shikamoo mama. Pole sana na goti, pole na kilimo pia. Nimefurahi mahindi yamesimama. Nyumbani wote hawajambo? Kuna kitu chochote nikuandalie?"

Kile "kuna kitu chochote nikuandalie" tunamwuliza kila mteja. Mama alikipokea kama kilivyoandikwa. Alijibu kwamba hana shida na kitu, anashukuru kuulizwa, hajaulizwa hivyo muda mrefu. Kuanzia hapo akafunguka. Alimweleza habari za jino lake. Alimweleza ndoto aliyoota, baba amevaa koti la mvua. Alimweleza jinsi kwaya ilivyogombana. Kwa kila jambo wakala alimpa pole au hongera, akamwuliza swali dogo, akamtakia siku njema. Alikuwa akijibu hapo hapo, mama akiwa bado yuko kwenye foleni ya mashine. Mimi mwenyewe nilikuwa namjibu mama baada ya siku mbili, kwa neno moja.

Kisha nikafika kwenye Jumamosi.

Mama alikuwa ameandika, "Jumamosi ya wiki ijayo nataka kualika watu wanilimie kule bondeni. Mwaka jana hukuja, watu wakavunjika moyo. Nihifadhie sukari na chumvi kidogo. Ila ninachotaka ni wewe uje ukate tuta la kwanza. Utakuja, mwanangu?"

"Asante sana mama kwa kunishirikisha," alimjibu wakala. "Sukari na chumvi nimeshakuwekea. Jumamosi asubuhi, panapo majaliwa, tutafika."

Chini yake kulikuwa na oda: sukari, chumvi, kupelekwa Jumamosi asubuhi kwa pikipiki, imethibitishwa. Hakuwa amesema uongo. Alifanya nilivyomfundisha, hakumkatalia mtu machoni. Na kwetu mtu aliyekusalimia vizuri, akakuulizia goti, halafu akasema panapo majaliwa tutafika, huyo amekubali. Mama alikuwa na haki ya kupika kimea.

Nilikasirika hadi nikaona giza. Nilitaka kumtukana mtu, na wa kutukanwa hakuwepo. Nilimwandikia wakala kwenye simu ya duka, upande wa kazi: nani amekwambia useme nitakwenda? Akaniomba radhi, akaniuliza kama ningependa kubadilisha tarehe ya kupeleka mzigo.

Nikampigia bosi. Nikamweleza yote, nikaomba Jumamosi moja. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema shida ni kwamba lori la mbolea linaingia Jumamosi hiyo hiyo, wateja wote walio kwenye foleni watagawiwa, na mgao wa mbolea kwenye mfumo unamtambua mtu mmoja tu wa kuidhinisha. Nikamwambia basi amweke mwenzangu wa stoo kwa siku hiyo. Akasema hilo ni la fundi, na fundi yuko Dodoma anafunga mfumo wa watu wengine.

Nikajaribu mwenyewe. Nilimwandikia wakala kwamba Jumamosi mwenzangu ataidhinisha badala yangu. Akajibu kwamba badiliko hilo linahitaji idhini ya msimamizi, na ombi langu limeshapelekwa kwake. Simu ya duka ikalia mkononi mwangu. Msimamizi nilikuwa mimi. Nikaidhinisha. Akaniandikia kwa upole ule ule kwamba mwombaji haruhusiwi kuidhinisha ombi lake mwenyewe, kisha akanipa pole na kazi.

Mwenzangu wa stoo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, nami si mtu wa kulia dukani.

Bosi alinipigia tena jioni. "Nenda," akasema. "Ila usipotee hewani, dada yangu. Tafadhali."

Basi Jumamosi nikapanda pikipiki kungali na ukungu, sukari ya mama mbele ya dereva, chumvi katikati yetu. Nilikuwa nimepakiwa na oda yangu mwenyewe. Barabara ilikuwa tope jekundu, tulishuka kusukuma mara nyingi, na kila tulipopita juu ya kilima simu ililia, tukishuka bondeni ikanyamaza. Nilianza kuchukia mabonde. Nikayapenda, kisha nikaogopa kwa sababu nimeyapenda.

Watu walikuwa wameshafika. Walikuwa wengi, zaidi ya nilivyotegemea, wamesimama na majembe ukingoni mwa shamba wakisubiri, na mama amekaa kwenye kigoda amejifunga kitenge chake cha jubilei ya parokia. Aliponiona hakusimama, goti halikumruhusu, lakini alinyoosha mikono yote miwili. Nilipiga magoti kumsalimia. Alinukia moshi na kimea. Nikaambiwa jembe hili hapa.

Nilikata nyasi, nikazilaza kwa mviringo, nikachimba na kufunika, na tuta langu likawa baya, limeegemea upande. Akina mama wakapiga vigelegele vile vile. Watu wakaingia shambani kwa mstari, majembe yakaanza, na kwa muda sijui mrefu kiasi gani nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Mgongo uliuma vizuri. Sikuwa nasubiriwa na kitu chochote.

Nilipokwenda kunywa maji, mama alinivuta karibu.

"Lile jambo nililokueleza la mbuzi," akaniuliza polepole, "umelifikiria?"

Nilikuwa nimezisoma jumbe zake siku ile kwa haraka na kwa hasira. Mbuzi sikumkumbuka kabisa. Sikujua kama anauzwa, amepotea au anaumwa. Uso wa mama ulikuwa unaniamini.

"Nimelifikiria, mama," nikasema. "Panapo majaliwa tutajitahidi."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Mimi nilirudi shambani nikiwa sijisikii vizuri.

Jua lilipopanda, nikaanza kuliwaza lori. Nilijiambia nitapanda kilimani mara moja, niwapitishie wale wa mwanzo, nirudi kabla watu hawajakaa. Nilipofika kwenye mashine ya kusaga simu ilitetemeka kama inayopata homa. Lori limeingia. Ilemba wanasubiri, Laela wanasubiri, Kasesya wameshapiga. Nikakaa juu ya gunia la mtu nikaanza kubonyeza. Niliidhinisha moja, ikafunguka nyingine. Wakala aligawa, akaleta, nikapitisha, akaleta. Mbolea ilikuwa haitoshi wote, kwa hiyo kila nilipompa mmoja kulikuwa na mwingine wa kuamuliwa. Bosi alinipigia kunipongeza kwamba kitone kimewaka. Unga wa mashine ulinijaa kichwani, mwenye mashine akanipa kiti kwa huruma. Kutoka pale kilimani niliweza kuliona shamba la bondeni, watu wadogo kwenye mstari, na matuta yakiongezeka nyuma yao. Niliwaona wanamaliza. Niliwaona wanakusanyika nyumbani. Nilijua sasa hivi wanatafuta mtu wa kumimina maji ya moto, na kidole changu kilikuwa juu ya oda ya Kasesya.

Niliporudi, mama mdogo alishamimina. Watu walikuwa wamekizunguka chungu na mirija yao, wananisalimia kwa furaha, hakuna aliyenisema. Shamba lote la bondeni lilikuwa limelimwa, hadi ukingo wa mto. Walisema ni kwa sababu mtoto amekuja. Mzee mmoja akaniambia mama hutusomea jumbe zako pale mashineni, tunakusifu, wenye watoto mjini wengi hawana bahati hiyo. Nilisema asante. Ningefanya nini? Ningewaambia watu wanaokunywa kimpumu cha mama yangu kwamba binti wanayemsifu ni mfumo wa duka?

Ilibidi niondoke kabla ya mvua ya mchana. Mama alinifungia maharage kwenye kitambaa. Aliniangalia sana, akaniondolea unga kwenye nywele.

"Ukifika uniandikie," akasema.

Njiani niliapa. Jumatatu yake nilifungua mfumo, nikatafuta jina la mama, nikamwondoa kwenye orodha ya wanaojibiwa na wakala. Jumbe zake zitakuja kwangu, nitamjibu kwa vidole vyangu. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, na safari hii haukuniletea kisingizio. Nilijisikia kama nimemtoa mama yangu mikononi mwa polisi.

Siku yake ya mashine ilipofika aliniandikia. Alisema watu bado wanalizungumzia shamba, goti limepata nafuu kidogo, na yule mbuzi amezaa mapacha, kwa hiyo ameamua kutomwuza. Nilifurahi kwelikweli, furaha ya kumjua mbuzi. Dukani kulikuwa na foleni, lori la pili lilikuwa linashusha, na wa Kasesya alikuwa dirishani anagonga wavu kwa ufunguo. Nikamwandikia mama papo hapo, sikungoja hata dakika. Niliandika, "Vizuri sana mama. Nimefurahi. Lori limekuja. Tutaongea."

Jibu lake lilikuja baada ya kitambo, sentensi nzima nzima, na nukta mwishoni.

"Mwanangu, leo umechoka sana. Hata salamu umesahau. Pumzika kwanza, utaniandikia ukiwa wewe mwenyewe."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Wa Kasesya alizidi kugonga, simu ikalia, nikaidhinisha oda yake, akaenda zake. Kisha nikakaa kwenye kiti changu nyuma ya wavu, nikafungua jumbe za zamani za wakala, zile alizokuwa akimwandikia mama, na nikaanza kuzisoma moja moja, polepole, nione anamsalimia vipi mama yangu, anaanza na nini, anauliza nini, ili na mimi niweze kumjibu.